Waulizeni Walimu wa Kwaya: Ufunguo unaoshuka, sauti inayokauka na nota ya "mtumbwi"

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini, visiwani na ng'ambo ya ziwa. Ndefu tumezifupisha.

Tunaanza Do ni G, tunamaliza F

*Shikamooni walimu. Kwaya yetu ina waimbaji 32 na nyimbo nyingi tunaziimba bila kinanda. Wimbo wa beti 4 tukiuanza Do ni G, mwishoni mpiga kinanda akigusa tunakuta tumeshafika F. Kila mtu anawasingizia besi. Tufanyeje? – Katibu wa kwaya, Kirumba*

Marahaba, Katibu. Besi waacheni kwanza, tupige hesabu. Kutoka G hadi F ni nusu toni 2 (nusu toni ni hatua ndogo kabisa ya kinanda, kitufe kimoja hadi cha jirani). Kama kila ubeti una mistari 4, mmepoteza nusu toni hizo 2 katika mistari 16, yaani kila mstari umeshuka sehemu moja kati ya nane ya nusu toni. Kiasi hicho hakishtui sikio la mtu, ndiyo maana mnagundua wimbo ukiwa umekwisha.

Sauti huvuja sehemu tatu. Ya kwanza ni kwenye kushuka. Kwa herufi za solfa (*d r m f s l t*, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti), hatua ya *d* kwenda *t* iliyo chini yake ni nusu toni, lakini mwimbaji aliyelegea huishusha karibu toni nzima. Akirudi *d*, anarudi kwenye *d* nyingine, ya chini kidogo. Ya pili ni nota inayorudiwarudiwa, kama kwenye zaburi ambapo maneno 6 au 7 yanakaa juu ya *s* moja: kila silabi inakaa chini ya mwenzake. Ya tatu wengi hawaifikirii. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu isiyo na mkazo. Waimbaji huitupa silabi hiyo ya mwisho kama vile kazi imekwisha, "Bwana" inakuwa "BWA" halafu *na* inaanguka, na mstari unaofuata unaanzia pale *na* ilipoangukia.

Zoezi lake ni la dakika 5 kila mnapokutana. Simameni. Imbeni *d r m f s* polepole kwa silabi "nu", shikilieni *s* mapigo 4, kisha shukeni *s f m r d*. Mwalimu awe na simu yenye programu ya kupimia nota. Kanuni yake: kupanda, nyosha hatua, kushuka, ifupishe hatua. *M* na *t* ziimbwe kwa nia ya kuzipandisha, kwa kuwa ndizo zinazoshuka kabla ya nyingine. Baada ya hapo chukueni wimbo wenyewe mstari kwa mstari, mkipima nota ya mwisho ya kila mstari na kuweka alama ya penseli pale panapovuja. Kwa kawaida ni sehemu 2 au 3 za wimbo, wala si wimbo mzima. Pafanyieni kazi hapo tu.

Ikishindikana, badilisheni ufunguo (nota mnayoiita Do) kwa nusu toni, na mjaribu kupandisha kabla ya kushusha. Soprano hubadili aina ya sauti karibu na E na F zilizo oktava moja juu ya zile za kati. Wimbo ukikaa muda mrefu papo hapo, wanachoka na kuning'inia chini ya nota. Kuuhamisha nusu toni tu kunawatoa kwenye kona hiyo.

Besi nao wana kosa lao, ila ni moja: wakiruka kutoka *s* kwenda *d* ya chini, hupitiliza. Waifikirie *d* kabla ya kuitoa. Na kabla hamjamlaumu mtu yeyote, hakikisheni kinanda hakijabaki kwenye transpozi (kitufe cha kuhamisha ufunguo) ya wimbo uliopita. Ugomvi mwingi wa kwaya umeanzia kwenye kitufe hicho.

Nauza dagaa Mwaloni, Jumapili sauti imekwisha

*Habari za kazi, walimu. Mimi naimba sauti ya kwanza. Siku sita nipo Mwaloni nauza dagaa, kuanzia alfajiri naita wateja. Jumamosi jioni ni mazoezi saa tatu mfululizo. Jumapili natoa upepo mtupu. Wenzangu wameniambia ninywe mayai mabichi, wengine tangawizi na asali. Kipi kinafaa? – Mama wa sauti ya kwanza*

Nzuri, Mama. Mayai kaangia watoto. Chochote unachomeza kinapita kwenye umio, nyuma ya koromeo. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na kitu kikizigusa unapaliwa. Tangawizi ya moto inaliliwaza koo, hakuna ubaya, ila haiponyi nyuzi. Hata maji hayazifikii moja kwa moja. Yanazilainisha kwa kupitia mwilini, ndiyo maana yanywewe tangu asubuhi, kidogo kidogo. Kikombe kimoja dakika mbili kabla ya misa hakisaidii kitu.

Tatizo lako halijaanza kwenye mazoezi. Ukiimba A ya juu ya C ya kati, nyuzi zako zinagongana mara 440 kwa sekunde moja, yaani mara 264,000 kwa dakika 10. Kuita wateja kwa kupaza kunazigonganisha kwa nguvu zaidi kuliko kuimba, na wewe unafanya hivyo siku sita. Kwa hiyo anza na sokoni. Rekodi wito wako kwenye spika ndogo ya kubebea, kama wafanyavyo wauza dawa za panya. Ukilazimika kuita kwa mdomo, usiite ukiwa umeinama juu ya gunia, na usianzie kifuani kwa kusukuma. Ita kwa sauti ya juu kidogo, yenye mlio wa puani, fupi fupi. Kaa upande unakotoka upepo ili moshi na vumbi la dagaa viende kwingine.

Wiki ambayo sauti imeshakauka, nyamaza siku mbili. Nyamaza kweli, wala usinong'one, maana mnong'ono wa kusukuma hukaza koo vilevile. Vuta mvuke wa maji ya moto (uso usikaribie sana bakuli) dakika 10 asubuhi na jioni. Acha kukohoa kwa makusudi ili kusafisha koo. Meza mate badala yake. Usimeze dawa ya maumivu kisha ukaimba, kwani maumivu ndiyo yanayokwambia uache. Kama unakula ugali saa nne usiku na kulala papo hapo, asidi ya tumbo inaweza kupanda na kuunguza koo ukiwa usingizini. Weka saa 2 au 3 kati ya chakula na kitanda.

Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki 3, au ukipata shida ya kumeza au kukohoa damu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Bugando wapo. Anaziangalia nyuzi zenyewe kwa kifaa, na hapo ndipo hujulikana kama kuna vinundu au uvimbe.

Mwalimu wako naye asome hapa: saa tatu mfululizo usiku wa kuamkia Jumapili ni kuwachosha watu wa kuimba kesho. Mazoezi makubwa yawe Alhamisi, Jumamosi iwe dakika 45 za kukumbushana.

Hatuna kinanda kisiwani. Do tutaitoa wapi?

*Walimu, sisi tuko Kome. Kinanda kiliharibika. Nakala zetu zimeandikwa "Do ni F", "Do ni E flat", lakini mwalimu anakisia tu, siku nyingine soprano wanalia. – Mwimbaji wa teno*

Mnahitaji nota moja tu ya uhakika. Kichuma kile cha meno mawili cha kupimia sauti hutoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na programu za simu hutoa nota hiyo hiyo bila intaneti. Katika solfa tunayotumia, iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, *do* huhama. Basi A hiyo ipeni jina kulingana na ufunguo.

Do ni C: A ni *l*, shukeni *l s f m r d*. Do ni D: A ni *s*. Do ni F: A ni *m*, imbeni *m r d* mmefika. Do ni G: A ni *r*. Do ni B flat: A ni *t*, pandeni *t d'*. E flat ndiyo yenye kona: tafuteni kwanza B flat kama hivyo, kisha iiteni *s* na mshuke *s f m r d*. Kwa A flat, iiteni A *d*, shukeni hadi *t*, na hiyo *t* ndiyo *do* yenu mpya.

Akishapata *do*, mwalimu aimbe *d m s m d* kwa utulivu, kila sauti ichukue nota yake kwa kufumba midomo, asubiri pumzi moja, ndipo apige mkono. Makosa mengi yanatokea hapo kwenye haraka: soprano wanapewa nota, teno bado wanaitafuta, na mkono umeshashuka.

Wanawake 18, wanaume 4

*Tumsifu Yesu Kristo. Kigangoni kwetu Ukerewe wanaume ni wanne, wawili wanaimba teno na wawili besi, na hawasikiki. Je, akina mama waimbe teno? – Mwalimu wa kwaya*

Milele amina. Wanaweza, lakini tungeanza na kuacha sauti ya nne. Wanaume wote wanne waimbe mstari mmoja unaokaa kati ya A ya chini na D iliyo juu kidogo ya C ya kati, eneo ambalo mwanaume yeyote anafika bila kujikamua. Soprano 10, alto 8, wanaume 4. Sauti tatu zilizojaa ni bora kuliko nne zenye matundu.

Mstari huo uandikeni upya. Msiwape besi ya zamani. Panapokuwa na mwisho wa sentensi ya muziki uchukue *d*, katikati uchukue nota ambayo alto na soprano hawana. *M* ya akordi (nota zinazolia pamoja) isikosekane, wala isiimbwe na sauti mbili kwa pamoja kama inaepukika.

Kama kuna wimbo lazima uwe na sauti nne, chagueni alto wawili au watatu wanaoshuka hadi G iliyo chini ya C ya kati bila sauti kupotea. Wasimame karibu na wanaume. Msiwafanye kuwa teno wa kudumu, kwa kuwa mwanamke anayekaa chini kila wiki huanza kuisukuma sauti ya kifuani na nota za juu zinampotea.

Wimbo wangu unaimbika ubeti wa kwanza tu

*Nimeanza kutunga. Melodia inapendwa, lakini ubeti wa pili au wa tatu ukifika watu wanasema "maneno yanagongana". Silabi nimehesabu, ziko sawa. – Mtunzi mchanga, Buhongwa*

Kuhesabu silabi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiongezewa mkia, mkazo unahama: *I-mba* ukisema *imbeni* unahamia *mbe*. Pigo la kwanza la kipimo (fungu la mapigo) ni zito. Silabi yenye mkazo ikikosa pigo zito, na jirani yake isiyo na mkazo ikalipata, msikilizaji anasikia neno limevunjika hata kama hajui kwa nini.

Tuchukue mfano mdogo wa mapigo 4. "Ziwa limetulia": silabi 7, mkazo kwenye *ZI* na *LI*. Weka *zi* pigo la kwanza kwa *d*, *wa* la pili kwa *r*, *li-me* pigo la tatu kwa *m m* za nusu pigo, *tu* la nne kwa *r*. Kipimo kinachofuata *LI* mapigo mawili kwa *s*, *a* mapigo mawili kwa *m*. Inakaa vizuri. Ubeti wa pili, "Nyavu tumezitupa", nao una silabi 7, mkazo *NYA* na *TU*, ya kwanza na ya sita. Unaingia bila kuguswa.

Ubeti wa tatu umeandika "Wavuvi wanarudi". Silabi 7 pia, lakini mkazo ni *VU* na *RU*, ya pili na ya sita. Ukiimba kwa nota zile zile unapata "WAvuvi", na hapo ndipo watu wanaposema yanagongana. Dawa si kutupa ubeti. Sogeza *wa* nyuma, iwe pigo la nne la kipimo kilichotangulia, ili *VU* ikae pigo la kwanza kwa *d*. *Vi* inachukua *r*, *wa* inachukua *m*, *na* inachukua *r*, *RU* inachukua *s*. Zile *m* mbili za nusu pigo zimeungana kuwa moja, melodia haijabadilika, neno limepona. Pigo la nne la kipimo cha nyuma likiwa na nota ndefu ya mstari uliopita, ikate kwa pigo moja; waimbaji watakushukuru kwa nafasi ya kupumua.

Angalia na *m* zinazosimama peke yake. *Mtumbwi* ni silabi tatu, *m-tu-mbwi*, na mkazo uko *tu*. Tumeona nakala zilizolipa nota mbili neno hilo, *mtu-mbwi*, na nyingine nne, *m-tu-m-bwi*, zote haziimbiki. *Mvuvi* ni *m-vu-vi*. Lakini kwenye *mtu*, *mto* na *nchi*, *m* au *n* yenyewe ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo ipe pigo zito ila usiipe nota ndefu: midomo imefumba, sauti inazama, na kwaya nzima inavuma kama nyuki.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Soma kila ubeti kwa kuongea, ukipiga makofi pale tu penye mkazo. Kisha piga makofi ya melodia kwenye mapigo mazito. Yakitofautiana, rekebisha kabla hujapeleka nakala kurudufu.

"Mnapiga kelele"

*Padre amesema kwaya yetu haiimbi, inapiga kelele. Tukijaribu kuimba taratibu wimbo unakufa. – Vijana, Igoma*

Padre ana haki yake, ingawa angeweza kusema kwa upole zaidi. Wimbo unakufa kwa kuwa mkipunguza sauti mnapunguza na pumzi. Sauti ndogo inataka mbavu ziendelee kubaki wazi na hewa itoke kidogo kwa mwendo mmoja.

Peaneni namba. 1 ni sauti ya kumbembeleza mtoto, 5 ni nguvu zenu zote bila kukaza koo. Chukueni mstari mmoja, muuimbe kwa 2, kwa 4, kwa 3. Kisha mwalimu aonyeshe namba kwa vidole katikati ya mstari. Baada ya wiki chache za hivyo, wekeni namba kwenye nakala. Wimbo mzima usiwe na 5 zaidi ya mara moja au mbili, na kabla ya hiyo 5 pawe na 2. Katika kila mstari pigieni mstari neno moja tu linalobeba maana. Hilo ndilo likue, mengine yalielekee.

Sentensi ndefu pumueni kwa kupokezana. Mtu asipumue pamoja na jirani yake, wala mwishoni mwa neno ambapo kila mtu anatamani kupumua. Atoke katikati ya nota ndefu, arudi kimyakimya kwa sauti ya chini kuliko aliyotokea. Na mkiimba taratibu konsonanti ziwe kali zaidi. Huku kwetu Kanda ya Ziwa *r* na *l* hubadilishana nafasi, na nusu ya kwaya ikisema "furaha" nusu nyingine "fulaha", neno linakuwa ukungu. Semeni maneno kwa mdundo bila kuimba, mara mbili, kabla ya kila wimbo mpya.

Mwanangu wa miaka 14 amepasuka sauti

*Alikuwa anaimba sauti ya kwanza vizuri. Mwalimu amemwambia akae nje mpaka ikomae. Ni sawa? – Mzazi, Sengerema*

Hapana, mzazi. Akae ndani, ila ahamishwe. Sauti ya mvulana hushuka karibu oktava moja, na kwa wengine huchukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi. Kwa sasa apewe mstari wa nota 5 au 6 anazozitoa bila kusukuma, ambazo zitabadilika kila baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo apimwe tena. Asilazimishwe kubaki soprano kwa kuwa "alikuwa mzuri", na asitupwe besi kwa kuwa ameota ndevu. Siku sauti ikikatika katikati ya wimbo, afungue mdomo tu na kufuata maneno, wenzake wasicheke.

Vipaza sauti vinapiga mluzi

*Tuna tamasha la wazi ufukweni, kwaya ya watu 40, vipaza sauti 6. Mwaka jana vilipiga mluzi mwanzo mwisho. – Fundi mitambo, Nyegezi*

Tumia 3, vingine viweke akiba. Kila kimoja kiwe sentimita 80 hivi mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa vyao, kikielekea midomo ya mstari wa nyuma. Kutoka kimoja hadi kingine iwe angalau mara tatu ya umbali huo, yaani mita 2.4, la sivyo sauti moja inaingia vipaza viwili kwa kuchelewana na inasikika nyembamba. Spika kubwa zikae mbele ya vipaza, ziwatazame watu; nyuma ya kwaya zisiwepo kabisa. Mchana hadi jioni upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, basi kwaya iupe mgongo ziwa na vipaza vivalishwe sponji. Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kata masafa ya chini ya mitetemo 100 kwa sekunde, maana hapo hakuna besi wa kwaya unayemhitaji, kuna upepo na vishindo vya miguu jukwaani. Mwimbaji wa solo apewe chake cha mkononi, na kizimwe akimaliza.